Kikundi chetu cha Fukayosi kilivyopoteza jina la tovuti kwa kumwamini mtani: tahadhari kabla hujanunua domain na hosting

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Haya ninayoyaandika yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Watu ninaowataja wapo hai, ingawa majina yao nimeyabadilisha. Chumvi sijaongeza, kama kuna mahali nitaonekana nimekosea, basi ndivyo nilivyokosea.

Jina la kikundi chetu pia sitalitaja. Tovuti yenye jina hilo bado iko hewani, na sitaki hata mmoja wenu aifungue. Mkisoma mtaelewa kwa nini.

Mimi ni binti wa Fukayosi, Bagamoyo ya bara, mbali kidogo na bahari. Nilisomea maendeleo ya jamii. Nilipomaliza chuo wenzangu wengi walibaki Dar kutafuta ajira, mimi nikarudi nyumbani kwa hiari yangu. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu waliokuchangia nauli ya kwenda shule wana haki ya kuona faida ya shule hiyo.

Nikajiunga na kikundi cha akina mama wanaokausha mananasi.

Nanasi la huku halihitaji sifa zangu. Tatizo lake ni kwamba msimu ukikolea linaiva lote kwa mpigo, na linaoza shambani huku mtu anaangalia. Kwa hiyo akina mama wanalimenya, wanalikata vipande vyembamba, wanavitandaza kwenye vichanja vya wavu ndani ya banda la jua, kisha wanafungasha kwenye pakiti zenye lebo. Mwenyekiti wao ni Bi Tatu, ambaye ni dada wa bibi yangu mzaa mama. Mimi namwita bibi tu.

Mteja wetu mkubwa ni Mzee Akbar, mwenye duka la vyakula Bagamoyo mjini. Yeye huchukua kwetu na kuwapelekea wenye hoteli za ufukweni. Ndiye aliyetusukuma kuingia mtandaoni.

"Bi Tatu," alimwambia mwenyekiti siku moja, "wenye hoteli wa siku hizi hawaonji kwanza. Wanatafuta kwanza. Wakikutafuta kwenye simu wasikukute, kwao wewe hupo, hata kama umesimama mlangoni na kapu lako."

Tukakubaliana kufungua tovuti.

Nafungua mabano kwa ambao si watu wa fani. Hata mimi si wa fani. Nimejifunza kwa kuumia.

Tovuti inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni domain, yaani lile jina ambalo watu wanaliandika ili wakufikie. Cha pili ni hosting, yaani nafasi kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu fulani, mahali fulani, ambamo tovuti yako inakaa. Hosting ni chumba cha kupanga. Domain ni hati ya kiwanja. Chumba kikivuja unahama. Lakini mwenye hati ndiye mwenye kiwanja, hata kama nyumba umeijenga wewe kwa jasho lako.

Nafunga mabano. Sisi hili hatukulijua.

Bagamoyo mjini, jirani na stendi, kuna jamaa mwenye ofisi ndogo ya fotokopi na picha za pasipoti. Nje ameweka bango: domain, hosting, email, logo, vyote hapa. Nitamwita Maganga. Amezaliwa Bagamoyo, ila asili yake ni Mnyamwezi, wa koo zilizoshuka pwani zikibeba mizigo enzi za misafara na hazikurudi.

Sisi wengi wetu kikundini ni Wakwere. Na Mkwere na Mnyamwezi, wakuu, ni watani.

Wengi wenu mnaufahamu utani, lakini niseme ulivyo kwetu. Mtani anaruhusiwa kukutukana ukacheka. Anaruhusiwa kuchukua kitu chako mbele ya watu, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kwenye msiba wako yeye ndiye wa kwanza kufika, na ndiye anayewafanya waliofiwa watabasamu. Ni uhusiano wa heshima kubwa uliovikwa nguo za dharau.

Kwa hiyo jina la Maganga lilipotajwa kikaoni, hakuna aliyeuliza swali.

Alikuja Fukayosi kwa pikipiki. Kabla hajazima injini, Bi Tatu akamwanza.

"Karibu mpagazi! Leo umekuja mikono mitupu? Mabega hayakuwashi?"

"Mzigo nimeufuata kwenu, bibi. Nimesikia Wakwere mmechoka kucheza ngoma, mmeamua kufanya kazi. Nikasema lazima nikashuhudie mwenyewe."

"Kazi tunafanya sisi. Wewe utabeba tu."

"Nitabeba. Lakini nikishaubeba msiniulize nimepita njia gani."

Akina mama walicheka mpaka mmoja wao akaangusha kisu.

Mimi nikauliza tukitaka kuhamia kwa mtoa huduma mwingine siku za mbele utaratibu utakuwaje, na nywila zitakaa kwa nani. Niliuliza kwa adabu. Bi Tatu akanigeukia kama niliyemwagia mgeni maji.

"Mjukuu wangu, huyu ni mtani. Mtani hawekewi masharti. Ukimwekea masharti unamwambia yeye ni mtu baki."

Maganga akatabasamu, akasema atanitumia kila kitu. Pia akashauri tuchukue jina la kimataifa, lenye .com, kwa sababu majina ya nchi yetu yana mlolongo wa karatasi: cheti cha kikundi, barua, vitambulisho. "La .com linatoka leo leo," alisema.

Linatoka leo leo. Wakuu, mtu akikuambia hivyo, kaa chini kwanza.

Nikiri kwamba mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Tovuti ilikuwa na picha ya Bi Tatu ameshika nanasi kama mtoto mchanga. Tukapata anwani za barua pepe zenye jina letu. Tukachapisha jina hilo kwenye lebo za pakiti. Watu wakaanza kuuliza bei kutoka mikoani. Akina mama waliokuwa hawajawahi kugusa kompyuta wakawa wanalitamka jina la tovuti kwa fahari, nukta kwa nukta.

Kisha siku moja nikapeleka mzigo kwa Mzee Akbar, naye hakuupokea.

Niliziweka pakiti juu ya kaunta. Akaziacha pale pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, binti." Akavua miwani. "Nyinyi akina mama wa Fukayosi mmeanza biashara ya kubashiri?"

"Kubashiri nini, mzee?"

"Mpira. Kamari. Nimempa mwenye hoteli jina lenu kwa mdomo wangu, akaenda kutazama nanasi, akakuta kamari. Amenipigia anacheka. Mimi sikucheka."

Nilikuwa na laptop. Nikaifungua pale pale, nikaandika anwani. Tovuti ikafunguka safi kabisa, Bi Tatu na nanasi lake.

Niwaambie nilichokiwaza. Nilimshuku Mzee Akbar. Nilijisemea huyu amepata wauzaji wa bei ya chini kwingine, anatafuta sababu ya kutuacha. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba mimi naona iko sawa.

"Unaniita mwongo kwa adabu," akasema. "Haya, shika simu yangu. Usiandike anwani. Litafute jina lenu kama anavyolitafuta mtu asiyekujua."

Nikalitafuta. Nikabonyeza. Picha ya Bi Tatu ilitokea kama umeme, ikapotea. Ukurasa ukaruka kwenda kwingine: rangi nyekundu na njano, sarafu zinadondoka, maneno makubwa yananiambia nibashiri mechi za leo.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba wadukuzi hupenda kufanya hivyo. Mwenye tovuti, anayeingia kwa anwani aliyoizoea, wanamwonyesha usafi. Mgeni anayetokea kwenye simu na kwenye utafutaji ndiye wanayemteka. Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kuwa wa mwisho kabisa kujua kinachofanyika sebuleni kwake.

Mzee Akbar akarudisha miwani usoni.

"Nanasi lenu ni zuri, sina neno. Lakini mpaka hili lisafishwe siwezi kupeleka jina lenu popote. Na msimu ndio huu. Wenye hoteli wakishachagua mtu wa kuwaletea, hawabadilishi mpaka mwakani."

Nilirudi Fukayosi na pakiti zote.

Sijui niwaelezeje uzito wa jambo hili kwa akina mama wale. Ni watu wa sala tano. Mmoja wao mumewe ni maalim wa madrasa. Habari ilimfikia mume kabla yangu, akamwambia mkewe hawezi kuwa mwanachama wa kikundi kinachotangaza kamari, na mama yule akakaa nyumbani akilia. Wengine wakaanza kuulizana kwa chini chini kama ni kweli uongozi unakula hela za wabashiri. Na macho yalikuwa yakinielekea mimi, msomi, mwenye laptop.

Nikamwendea Maganga.

"Seva iko kwenye matengenezo," akasema, huku akipanga karatasi kwenye mashine yake.

Nikarudi tena. Akasema backup, yaani nakala ya akiba ya tovuti, ipo, nisiwe na wasiwasi. Nikamwomba nywila. Akasema atanitumia WhatsApp. Hakutuma. Nikamwomba ile code ambayo bila hiyo jina la tovuti haliwezi kuhamishwa kwenda kwa msajili mwingine. Akasema anaitafuta. Ujumbe wangu ukawa unasomwa bila kujibiwa.

Halafu akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp: "Watani zangu, mzigo umenidondoka njiani. Nautafuta. Nivumilieni."

Akina mama waliucheza ujumbe ule bandani, kwenye vichanja, wakaurudia na kuurudia huku wakifuta machozi ya kicheko. Bi Tatu akajibu kwa sauti yake: "Tangu lini mpagazi akadondosha mzigo? Au umepita penye ngoma ya Wakwere ukasahau safari?"

Mimi sikucheka. Niliusikiliza peke yangu, nikitafuta dharau ndani ya sauti ya Maganga. Na ukiitafuta dharau, wakuu, huikosi.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa shaka. Nilishuku kwamba wenye kamari wanamlipa. Nilishuku kwamba anasoma barua pepe zetu, kwani zilikuwa kwenye seva ile ile, na kwa kweli hakuna kilichomzuia. Nikaacha kuzitumia. Nilipopita stendi nilitazama kama amebadilisha simu au pikipiki. Mteja mmoja wa Morogoro aliyekuwa akituuliza bei aliponyamaza, nilishuku ameibwa. Hata akina mama walipozungumza nikiwa mbali, nilishuku wananisema.

Kuna orodha ya wazi mtandaoni ambapo unaweza kuangalia taarifa za jina lolote la tovuti. Nikaangalia la kwetu. Taarifa nyingi zilikuwa zimefichwa, lakini sehemu ya taasisi inayolimiliki ilikuwa wazi.

Haikuwa kikundi chetu. Hilo nililitegemea.

Haikuwa ofisi ya Maganga pia. Ilikuwa kampuni ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu.

Nikajisemea: ametuuza.

Nikaichapisha taarifa ile, nikampelekea Bi Tatu, nikamwambia tunakwenda polisi.

"Hatumpeleki mtani polisi," akasema bila kuitazama karatasi. "Utanitia aibu mpaka kaburini."

"Na kamari kwa jina lako, bibi, na picha yako mwenyewe? Hiyo si aibu?"

"Ni aibu. Ndiyo maana nitaidai mwenyewe, kwa njia yetu."

Tulibishana sana. Nilimwambia kwamba haki inayotegemea kicheko si haki. Akaniambia nimesoma vizuri.

Haukupita muda, ikafika arobaini ya shangazi yake Maganga. Watani lazima tufike. Tulikwenda Bagamoyo tukiwa kundi zima, tumevaa kanga na baibui, nyumbani kwao nyuma ya soko. Hitma ikasomwa, dua ikaombwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikiomba Mungu Bi Tatu asifanye alichokusudia, maana kwangu mimi msiba si mahali pa mzaha.

Dua ilipokwisha, akina mama wa Fukayosi wakaelekea kwenye masufuria ya pilau. Bi Tatu akamnyang'anya mpishi upawa, akakalia kigoda mbele ya sufuria kubwa, akakandamiza mfuniko kwa mkono.

"Pilau halifunuliwi!" akatangaza. "Kuna Mnyamwezi amebeba mzigo wetu hajaufikisha. Mpaka autue hapa!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mjomba wake Maganga, mzee wa heshima mwenye kofia ya vito, akaita: "Maganga! Wape watani zako chao, wageni wana njaa!"

Maganga akatoka ndani, kanzu imemkaa vizuri, anacheka kama wengine.

"Nitawapa, bibi zangu. Kesho."

"Kesho ya Mnyamwezi iko Tabora! Tunataka leo!"

"Leo sina."

"Hana!" akina mama wakaitikia kwa vigelegele. "Hana! Amekula njiani!"

"Bi Tatu, sitanii. Sina."

Wakacheka zaidi. Nani asiyejua kwamba "sitanii" ndilo neno la kwanza la mtani?

Hapo Maganga akaacha kucheka. Akainua mkono wa kulia.

"Wallahi sina."

Vicheko vikakatika. Kwetu pwani mtani anaweza kusema lolote, lakini haapi kwa Mungu. Utani una mpaka, na mpaka wake ni huo.

Bi Tatu akamtazama. Akaondoa mkono juu ya mfuniko, akamrudishia mpishi upawa.

"Pakueni, watu wale," akasema. Kisha akamwambia Maganga: "Njoo ukae. Utani umekwisha. Sema."

Tulikaa kwenye jamvi uani, yeye, Bi Tatu na mimi. Akasema.

Yeye hakuwa na seva. Hakuwahi kuwa nayo. Alinunua nafasi kwa jamaa wa Dar aliyekuwa akiuza hosting za bei poa kwenye kundi la WhatsApp. Jamaa naye alikodi kwa kampuni ya nje, akirundika mamia ya tovuti kwenye seva moja. Mdudu akiingia kwa mmoja, anatembelea wote. Na majina yote jamaa alikuwa akiyasajili kwa jina la kampuni yake mwenyewe, ile niliyoikuta kwenye orodha. Tovuti zilipodukuliwa, wateja walipoanza kulalamika, akatoka kwenye kundi na kuzima simu. Ile backup ilikuwa kwenye seva ile ile.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Niliwaambia. Nilisema mzigo umenidondoka. Mkacheka." Akainamisha kichwa. "Nikaona aibu kuja mara ya pili. Mtaani mimi ndiye ninayejua kompyuta. Ningesema nini? Kwamba hata mimi nimepangishwa na mpangaji?"

Bi Tatu akamsogelea kwenye jamvi.

"Ningelijua ulikuwa unalia," akamwambia, "nisingekucheka."

Mimi nikaomba simu yake. Ndiyo, wakuu, niliomba, katika hitma, kwa mtu aliyekwisha kuapa. Akanipa. Nikaona jumbe zake kwa yule jamaa wa Dar, nyingi, za kubembeleza, zote hazijajibiwa. Nikaipiga namba yake, nikaweka spika ili wote wasikie. Haipatikani.

Je, nilimwamini? Nitakuwa mwongo nikisema nilimwamini kabisa. Jumbe zilikuwepo, namba ilikuwepo. Lakini sijui kama aliyoyasema ndiyo yote. Mpaka leo sijui.

Nikaiandikia kampuni ya nje ambako jina lilisajiliwa. Wakanijibu kwa ustaarabu kwamba wao wanamtambua yule aliye kwenye kumbukumbu zao. Risiti zetu zilikuwa za Maganga, na Maganga hayumo katika kumbukumbu hizo. Kwao sisi ni wapita njia. Kuna taratibu za kudai jina, lakini ni ndefu na zinataka wakili, na sisi ni wakausha mananasi.

Jina likaenda hivyo.

Maganga akajitolea kwenda nasi kwa Mzee Akbar na kueleza mwenyewe. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliuza chumba ambacho hata wewe umepanga?"

"Nilipanga kwa aliyepanga, mzee."

"Afadhali umesema." Akanigeukia mimi. "Pateni jina jingine. Nitalipeleka kwa mwenye hoteli mmoja. Akikaa nalo bila kunipigia kucheka, nitalipeleka kwa wa pili. Hao wengine msimu huu wamekwishachagua, sina la kufanya."

Tulitegemea hoteli kadhaa, tukapata mlango mmoja wa kubisha. Maganga alitutengenezea stika za kubandika juu ya jina la zamani, akina mama wakakaa bandani wakifunika pakiti moja moja. Yule mke wa maalim alirudi. Mumewe alikuja mwenyewe kuhakikisha hakuna pakiti iliyosahaulika.

Safari hii tukachukua jina la nchi yetu, lenye .co.tz, kutoka kwa msajili tuliyemkuta kwenye orodha ya wasajili wanaotambuliwa. Wakataka cheti cha kikundi, barua na vitambulisho. Ule mlolongo wa karatasi tulioukimbia ndio ukuta wenyewe! Karatasi zile ndizo zinazosema jina ni la nani siku mtu akizima simu.

Hosting tukanunua kwa mtoa huduma mwingine kabisa, ili mmoja akianguka asituangushie vyote. Niliwapigia kadhaa kabla ya kulipa, nikawauliza seva iko wapi, backup inakaa wapi, nikihama watanipa nini. Aliyejibu "usijali" nilimkatia simu. Tuliyemchukua ni yule aliyenijibu kwa uchovu, kipengele kwa kipengele. Na nakala ya tovuti yetu tunayo wenyewe kwenye flash, ndani ya kopo la ubani la Bi Tatu.

Siku ya kujaza fomu tulikaa bandani wote. Msajili anauliza mmiliki ni nani, na mawasiliano yake ni yapi.

Bi Tatu akasema: "Weka la kwako, mjukuu wangu. Wewe ni damu yetu, na wewe ndiye unayejua."

Akina mama wakaitikia. Walikuwa wananipa heshima kubwa kuliko cheti chochote nilichokipata chuoni.

Nikasema hapana.

"Kwani utatuibia?" akauliza Bi Zuhura, ambaye husema wanayoyawaza wenzake.

"Sijui, mama. Leo sitaki. Lakini hata Maganga siku ile hakutaka."

Nilidhani nimewaudhi. Kisha Bi Tatu akasema niandike jina la kikundi, na anwani ya barua pepe iwe ya kikundi. Ikabaki nywila. Wakajadiliana, wakaamua igawanywe vipande viwili: kimoja akae nacho Bi Tatu, kingine Bi Zuhura. Wawili hawa wana ugomvi wa mpaka wa shamba tangu sijazaliwa. Hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, na kikundi kizima kikaridhika kwamba hawawezi kula njama pamoja.

Mimi sina kipande hata kimoja. Nikitaka kubadilisha neno kwenye tovuti, nawakalisha wote wawili, kila mmoja anageuza uso mwenzake anapoandika.

Ndugu zangu, nimejifunza kwamba aliyekuuzia si lazima awe ndiye mwenye kitu, na kwamba kumpenda mtu si sababu ya kutomuuliza. Tungemuuliza Maganga mapema, kwa uzito, bila vicheko, huenda naye angejiuliza jina analisajili kwa nani. Bei poa, kila kitu kwa mtu mmoja, linatoka leo leo: kila ukisikia mojawapo ya hayo, ongeza swali.

Wenye ujuzi wa kuyadai majina yaliyopotea kwa njia hii, nawaomba mnielekeze, maana picha ya Bi Tatu bado inapita kule kama umeme kabla ya sarafu kudondoka.

Na ninyi wengine, kabla hamjaandika maoni yenu hapa chini, tafuteni kwanza majina ya tovuti zenu kwenye ile orodha ya wazi, mwone yameandikwa kwa nani. Kisha rudini mtuambie mlichokikuta.